Beta wangu anachakaa mapezi

SWALI: Ndugu Mhariri, samaki wangu aina ya beta, ninayemfuga katika chupa ya lita 2 hapa Chake Chake, amechanika mapezi, kingo zake zimekuwa nyeusi, naye hataki kula. Nimpe dawa gani? Msomaji, Pemba.

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Dalili hizo zinaelekea kuwa ni ugonjwa wa kuoza mapezi, ambao mara nyingi huletwa na bakteria maji yanapochafuka kwa amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula. Beta, kwa kuwa huweza kuvuta hewa juu ya maji, hustahimili chupa ndogo kwa muda, na hilo ndilo linalowadanganya wafugaji wengi.

Kwa hiyo usianze na dawa. Mhamishie kwenye chombo cha lita 20 chenye joto la nyuzi 25 hadi 27, kisha badilisha robo ya maji kila siku, ukihakikisha kuwa ya bomba yameondolewa klorini. Waweza kuongeza gramu 1 ya chumvi kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza, kwa siku zisizozidi 10. Uozo ukikaribia mwili, muone daktari wa mifugo upesi.