Kwa nini popo huishi miaka mingi kuliko panya?

Swali: Nimesoma kwamba wanyama wadogo hufa mapema kwa sababu moyo wao hupiga upesi na mwili huchakaa haraka. Mbona popo, ambaye hamzidi panya kwa ukubwa, huishi miaka mingi zaidi? Je, muda wa kuishi umepangwa ndani ya jeni?

Jibu: Dhana hiyo ina ukweli wa juu juu, kwani tembo huishi kuliko sungura, na sungura kuliko panya. Ndege ndio huibomoa: joto la miili yao huzidi la mamalia na mioyo yao hudunda kwa kasi, na hata hivyo kwa kawaida huishi kuliko mamalia wa uzito uleule. Popo ni mfano mkali zaidi. Popo mmoja wa Brandt, spishi yenye uzito wa takriban gramu 7, alinaswa tena huko Siberia akiwa na umri usiopungua miaka 41, ilhali panya wa nyumbani, hata akitunzwa maabarani, ni nadra avuke miaka 4.

Ni afadhali kuuliza ni nini humuua mnyama porini kabla hajazeeka. Mwanabiolojia Peter Medawar alieleza mwaka 1952 kwamba uteuzi wa asili, yaani kuenea kwa sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa, hudhoofika kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa wachache ndio hufika huko. Panya ambaye huenda akaliwa na bundi kabla ya kutimiza mwaka hapati faida yoyote kwa kuwa na mwili unaojikarabati kwa miaka 30. Nguvu za kujikarabati humfaa zaidi akizitumia kuzaa mapema na kwa wingi. Popo huruka, hivyo maadui humpata kwa shida. Fuko asiye na manyoya wa Afrika Mashariki, anayejificha ardhini maisha yake yote, naye huvuka miaka 30.

Mwanabiolojia Steven Austad aliipima hoja hii kwa oposumu, mamalia wadogo wanaobeba watoto mfukoni, wa kisiwa cha Sapelo, Marekani, ambako wanyama wanaowala huko bara hawapo. Wa kisiwani walizaa watoto wachache kwa mkupuo, waliishi zaidi, na hata kano za mikia yao zilikakamaa polepole kuliko za wenzao wa bara.

Ukarabati huo huonekana ndani ya seli. Utafiti wa mwaka 2022 uliolinganisha seli za utumbo za spishi 16 za mamalia ulikuta panya akilimbikiza mabadiliko ya DNA yapatayo 800 kwa mwaka na binadamu 47 hivi.

Kuhusu jeni, hakuna inayojulikana kuwa kazi yake ni kupanga siku ya kufa. Hata hivyo, mwaka 1993 mwanabiolojia Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba kudhoofisha jeni moja, daf-2, huongeza maisha ya mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans takriban maradufu. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi cha homoni zinazofanana na insulini. Ishara zake zikififia, mnyoo hugeukia kulinda na kutengeneza seli alizonazo.