Baiskeli ikiibwa dukani, mshahara haukatwi wote

Je, bosi anaweza kumkata kijana wa duka mshahara wa mwezi mzima kwa sababu baiskeli imeibwa? Hapana, hawezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu makato ya hasara pale tu ilipotokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Hata deni lenyewe lisizidi hasara halisi iliyotokea, kwa hiyo habari za kulipishwa bei ya rejareja pamoja na faida hazipo.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kuuza baiskeli. Asubuhi tunazitoa zote nje, tunazipanga barazani na mnyororo mmoja umepita kwenye rimu, halafu mteja anataka kujaribu moja, unafungua kufuli, na za pembeni nani anaziangalia? Kosa hapo ni la nani, ndiyo hoja ya kwanza ya kupinga.

Akikatwa kibabe, aende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Kufungua shauri ni bure. Na kama huwa anafanyishwa kazi Jumapili, na ndiyo siku yake ya mapumziko, akiwa huko alitaje na hilo: saa za siku hiyo zinalipwa mara mbili.

Hii ni Bara lakini. Zanzibar wana sheria yao ya ajira.