Kuhusu bakshishi, kisahani cha fedha na kadi za kazi nchini Japani

Ndugu, umeuliza kama ni lazima kuacha bakshishi Japani, na kwa nini mwenye duka alikusogezea kisahani badala ya kupokea noti zako mkononi. Bakshishi si desturi yao: nilipoacha sarafu mbili za yeni 100 mezani katika mgahawa mmoja mjini Osaka, mhudumu alinifuata hadi nje, akainama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa kuwa aliamini nimezisahau. Kisahani kile ni cha kuwekea fedha ili wote wawili mwone kiasi kilichotolewa kabla chenji haijahesabiwa. Tafadhali usidhani ulidharauliwa. Madukani bei kwa kawaida haipatanwi.

Kwa kuwa unakwenda kikazi, jiandae zaidi kwa kadi ya biashara, wanayoiita meishi. Hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, jina na cheo vikisomwa kwa utulivu, kisha huwekwa mezani mbele ya aliyeipokea mpaka kikao kiishe. Usiandike chochote juu yake mbele ya mwenyewe, wala usiitie mfuko wa nyuma wa suruali, maana kuikalia kadi ile ni kumvunjia heshima aliyekupa.