Mashini ya giga 2 inatosha: jibu kwa anayetaka kutengeneza gemu hapa Goma

Mdogo wangu wa Ndosho ameuliza swali lake vizuri, na majibu aliyopewa hadi sasa yamenikera kidogo. Anasema ana mashini (kompyuta) ya mtumba yenye RAM ya giga 2, kila akijaribu kushusha Unity, programu ya kutengenezea gemu, mega zinamwishia njiani, na video za mafunzo anazotazama ni za watu wenye mashini kubwa. Anataka kujua mambo mawili: aanze na lugha gani ya programu, C++, Python au Lua? Na je, mtu asiye hodari wa hesabu ataweza? Mmoja wenu kamjibu anunue mashini nyingine kwanza. Mwingine kamwambia asome C++ mwaka mzima ndipo aguse gemu. Mimi sikubaliani na yeyote kati yenu.

Kwanza mjue nani anaongea. Mchana nachapa TFC na memwari, zile kazi za kumaliza masomo, za wanafunzi kwenye sekretaria moja hapa Katindo. Usiku, umeme ukiwepo, natengeneza vigemu. Havijaniingizia hata franka. Ila nimevimaliza, watoto wa kartie wanavicheza, na vyote vimetoka kwenye mashini kama ya huyu kijana.

Unity iache kwa sasa. Si programu mbaya, lakini inameza giga nyingi za diski, na ukiifungua kwenye RAM ya giga 2 utabaki unatazama kiduara kikizunguka. C++ nayo iache. Utapoteza wiki kadhaa ukiunganisha maktaba (kodi za programu zilizoandikwa na wengine) na kusoma makosa marefu yasiyoeleweka kabla mpira haujasogea hata pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini, na hapo ndipo wengi wanapoishia.

Chukua LÖVE. Nayo ni programu ya kutengenezea gemu, ila ni mega chache tu, ni ya bure, haidai intaneti ukishaiweka, na unaandika kwa Lua, lugha iliyotungwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, kule Brazili. Ni lugha ndogo, misingi yake unaijua kwa siku chache. Kama umeshaanza Python, baki nayo na utumie Pygame, maktaba yake ya gemu, usihame lugha kwa sababu yangu. Na kama una wadogo nyumbani wanaokuzunguka wakitaka kugusa, wawekee Scratch, ambayo watoto wanaprogramu kwa kupanga vipande, ipo ya kutumia bila intaneti na inaongea Kifaransa.

Gemu yako ya kwanza iwe Pong: vibao viwili, mpira mmoja, alama juu. Najua unataka kutengeneza vita na magari. Subiri. Mwaka 1972 Allan Alcorn alikuwa mgeni kazini kwenye kampuni ya gemu ya Atari, na bosi wake Nolan Bushnell akampa Pong kama zoezi la kumpasha moto tu. Zoezi hilo likawa ndiyo gemu iliyoitangaza kampuni. Na ndani yake hamkuwa na programu hata mstari mmoja, ilikuwa saketi za umeme peke yake. Wewe utaitengeneza kwa kurasa mbili za kodi, yaani maandishi ya programu, na ndani ya kurasa hizo mbili utakuta karibu kila kitu utakachohitaji baadaye: kusoma vidole vya mchezaji (kitufe alichobonyeza), kusogeza kitu, kujua vitu viwili vimegusana, kuhesabu alama.

Sasa kuna sehemu moja nataka uielewe kabisa, maana bila hiyo utakuwa unanakili kodi za watu maisha yako yote. Gemu ni mzunguko: soma vidole, badilisha namba, chora upya, rudia. Kwenye LÖVE mzunguko wenyewe umeshaandaliwa, wewe unajaza mahali pawili, love.update kwa namba na love.draw kwa picha. Usidhani kuna mpira unaotembea. Kuna namba inaitwa x, yaani mahali mpira ulipo. Unaiongeza kidogo, skrini inafutwa, unachora mpira mahali papya, na mashini ikiwa nzima hilo linafanyika mara 60 kwa sekunde.

Tuseme umeandika x = x + 3. Kwenye mashini inayochora mara 60 kwa sekunde, mpira utakwenda pikseli 180 kwa sekunde. Peleka gemu ileile kwenye mashini iliyochoka, inayochora mara 20: pikseli 60. Gemu ni moja, huku mpira unapaa, kule unatambaa kama kobe. Dawa yake ni dt, yaani muda uliopita tangu mchoro uliotangulia, ambao LÖVE inakuletea yenyewe ndani ya love.update. Andika x = x + 180 * dt. Mashini ichore mara 60 au mara 20, baada ya sekunde moja mpira umefika palepale.

Usione aibu kama hili linakuchanganya. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders kule Japani mwaka 1978, maadui waliongeza kasi kila walipopungua, kwa sababu mashini ilibaki na vitu vichache vya kuchora. Aliona inanogesha, akaiacha hivyo, na leo watu wengi wanadhani ilipangwa tangu mwanzo. Sisi wengine hatuna bahati hiyo. Tumia dt.

Na ukishaitumia, iwekee kikomo. Kwenye mashini zetu hizi, mara antivirusi inaamka, mara diski inakwama, na gemu inasimama kidogo. Ikirudi, dt inakuja kubwa. Mpira wa pikseli 600 kwa sekunde ukiletewa dt ya 0.1 unaruka pikseli 60 kwa mkupuo. Kibao chako kina unene wa pikseli 10. Mpira umepita upande wa pili bila kukigusa, na mchezaji anasema gemu yako ni ya uongo. Mstari mmoja juu kabisa ya love.update unapunguza tatizo: if dt > 0.05 then dt = 0.05 end. Mpira wa 600 bado utaruka pikseli 30, huo utautafutia njia nyingine, lakini kwa Pong yenye mpira wa 180 kama ule wa juu, ambao hautazidi pikseli 9, hiyo inatosha.

Kugusana nako kunatisha watu bure. Mpira uchukulie ni kisanduku, kibao nacho kisanduku. Vimegusana kama ukingo wa kushoto wa kila kimoja uko kushoto kwa ukingo wa kulia wa mwenzake, na ukingo wa juu wa kila kimoja uko juu ya ukingo wa chini wa mwenzake. Maswali manne ya "ndogo kuliko", yameunganishwa na "and". Basi.

Baada ya Pong ndipo utafute gemu ya kwako, na hapa nakushauri utazame barabarani. Mimi nilitengeneza chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Inateremka kutoka Kibumba imebeba kabichi na viazi, inakwepa mawe meusi kama yale volkano ya Nyiragongo ilituletea hadi mjini mwaka 2002, na inatakiwa ifike sokoni. Fizikia yake yote ni mistari mitatu. Mteremko unaongeza kasi: kasi = kasi + mteremko * dt. Ukikanyaga breki, ule mpira wa tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, kasi inapungua: kasi = kasi - breki * dt. Kisha y, mahali chukudu ilipo: y = y + kasi * dt. Hakuna kingine. Halafu nikaifanya breki igawanywe kwa idadi ya magunia, kwa hiyo anayepakia sana anapata pesa nyingi akifika, lakini hasimami kirahisi. Kila mtu hapa Goma anaelewa sheria hiyo bila kuelezwa, kwa sababu ameiona.

Kisha nikampa mtoto wa jirani acheze, nami nikanyamaza. Hii ya kunyamaza ni ngumu kuliko kodi yenyewe, mdomo unawasha. Yeye akakandamiza breki tangu juu hadi chini, akafika taratibu, magunia yote salama, akanitazama akisema "nimeshinda". Na kweli alikuwa ameshinda. Ikabidi bei ya kabichi ianze kushuka kila sekunde chukudu inapokuwa njiani. Hapo ndipo ilipokuwa gemu. Kabla ya hapo ilikuwa picha inayoteremka.

Kuna mambo mawili ambayo hutayakuta kwenye video hizo za Wamarekani, nayo yanatusumbua hapa kwetu. La kwanza ni koma. Sisi tumesoma hesabu kwa Kifaransa, mkono umezoea kuandika 0,5. Kwenye Lua ukiandika kasi = 0,5 hupati kosa lolote. Lua inachukua 0, inaitupa ile 5, inanyamaza. Nimemwona kijana mzima akipekua kodi yake jioni nzima kutafuta kwa nini chukudu haisogei. Ni nukta: 0.5. Python nayo haikusaidii, yenyewe itakutengenezea jozi ya namba mbili na italalamika mbele huko, mahali ambapo hukutegemea.

La pili ni kibodi. Mashini nyingi za hapa ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na mafunzo karibu yote yanakuambia utumie W, A, S na D. Kwenye AZERTY herufi hizo zimetawanyika, vidole vinavunjika. Tumia mishale tu. Kama unataka herufi, tumia love.keyboard.isScancodeDown, ambayo inaangalia mahali kitufe kilipo na si herufi iliyochapwa juu yake. Hapo "w" itakuwa Z yako, na gemu itachezeka kwa anayetumia kibodi yoyote.

Hesabu? Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, na kujua mambo ya kushoto na kulia. Siku adui atakapotakiwa kumfuata mchezaji utahitaji Pythagoras, ambaye ulishakutana naye shuleni. Sin na cos zitakuja siku ukitaka kitu kizunguke, na siku hiyo utazielewa kwa saa moja kwa sababu utakuwa unaona zinachofanya. Wanaosema lazima uwe bingwa wa hesabu wanaongelea injini za 3D, na wewe huko huendi leo.

Picha zisikuzuie. Alexey Pajitnov alianza Tetris Moscow mwaka 1984 kwenye mashini ya Elektronika 60 ambayo haikuweza kuchora picha kabisa, vipande vyake vilikuwa alama za mabano. Chukudu yangu ilikuwa mstatili wa rangi ya kahawia kwa muda mrefu, na watoto walikuwa wanaiita chukudu bila wasiwasi. Ukitaka picha, kwenye tovuti ya Kenney kuna maelfu, za bure kabisa, unazitumia utakavyo hata ukiuza. Sauti rekodi kwa telefone. Mlio wa gurudumu la mbao juu ya mawe huwezi kuupata kwenye tovuti yoyote, lakini hapa unasimama tu barabarani.

Kuhusu mega: siku ukipata intaneti ya maana, kazini kwa ndugu au popote, hifadhi kurasa za tovuti ya maelezo ya LÖVE (wanaiita wiki) kwenye flashi, zile zenye maelezo ya kila amri. Hizo zina faida kuliko video, hazimalizi kitu na unasoma hata mashini ikibaki na chaji kidogo wakati wa delestaje, umeme ukikatwa. Na kila usiku nakili kazi yako kwenye flashi hiyohiyo. Umeme wetu unaujua.

Ukimaliza gemu, weka faili zako zote kwenye zip, badilisha mwisho wa jina uwe .love, na mwenye LÖVE anaifungua. LÖVE ipo pia kwa Android, kwa hiyo unaweza kumrushia mtu kwa Bluetooth, ila fikiria vidole vyake kwenye kioo kabla hujafanya hivyo.

Baadaye, ukishamaliza vigemu kadhaa, nenda Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu. Imeanzia Ajentina, imekuwa wazi kwa wote tangu 2014, na ni ndogo sana ukiilinganisha na Unity. Kwa mashini ya zamani chagua toleo la 3, au kwenye la 4 uchague namna ya kuchora iitwayo Compatibility. Na kwa wale wanaosema Waafrika hatutengenezi gemu kubwa: Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu yao Aurion mwaka 2016, na inauzwa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Ila ni kazi ya timu nzima na ya miaka. Wewe bado uko kwenye mpira na vibao viwili.

Kwa hiyo mdogo wangu, weka LÖVE leo, na Jumapili tuletee Pong yako hapa hata kama alama hazihesabu. Ukikwama, bandika kodi yenyewe kama maandishi. Usipige picha ya skrini kwa telefone, hatuoni kitu, na hatuwezi kuijaribu.