Sinia linafuata mgeni, halifuati saa

Mleta mada, simama hapo hapo. Usipange huo ubao wa vitafunwa saa nne asubuhi.

Wageni 25 wa posa, wameambiwa saa tisa alasiri, nyumba iko Mbezi, mwezi ni wa pili, na wewe unataka utandaze kuku, mayai, jibini, tikiti na kripsi asubuhi, ufunike kwa ile nailoni inayonata, halafu uende saluni. Umeuliza pia mbao gani nzuri, maua gani, juisi gani na bajeti. Tutafika huko tukijaliwa. Hilo la saa nne ndilo litakalokula hela yako yote, tulimalize kwanza.

Hebu piga hesabu. Saa nne mpaka saa tisa ni saa tano. Na wageni wa posa lini walifika saa tisa? Watakuwa wamejikusanya mahali wanamsubiri mjomba mmoja, kisha foleni. Wakiingia saa kumi na nusu, kuna kusalimiana, kuna dua, kuna utambulisho, kuna mshenga na mafumbo yake. Mkono wa kwanza unagusa sinia saa kumi na moja. Chakula kimekaa mezani muda wa saa saba.

Kanuni ya usalama wa chakula iko wazi: vijidudu vinashamiri kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kinachoharibika haraka (nyama, mayai, vitu vya maziwa, matunda yaliyokwisha kukatwa) kisikae kwenye joto hilo zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Dar mwezi wa pili mchana, chini ya hema au kibaraza cha bati, hesabu saa moja. Ukiwa Njombe mwezi wa saba umevaa koti, chukua saa mbili. Na muda huo unajumlishwa: dakika ishirini kuku alizokaa kwenye buti la gari zimo, na nusu saa ya kukatakata jikoni imo pia. Friji haifuti hesabu.

Usije kuniambia "nitapasha kuku tena wakifika". Kuna kijidudu kinaitwa Staphylococcus aureus, kinaishi puani na kwenye ngozi za watu wazima kabisa, hata za yule anayepanga sinia vizuri kuliko wote. Kikipata chakula cha vuguvugu kinatengeneza sumu, na sumu hiyo inavumilia moto. Ukipasha unaua kijidudu, sumu inabaki. Matapishi yanaweza kuanza nusu saa mpaka muda wa saa nane baada ya kula. Yaani wakwe wanaweza kuanza kutapika wakati pilau bado iko jikoni, na mshenga hana fumbo la kuelezea hilo.

Tuseme hakuna aliyeumwa. Bado sinia limekufa. Vitu vikitoka friji na kukutana na hewa ya pwani vinashika umande, unaona matone juu ya jibini. Joto likipanda, jibini yenyewe inatoa mafuta, inang'aa na kujikunja pembeni. Tikiti linaachia maji. Matango uliyoyanyunyizia chumvi yanaachia zaidi, kwa sababu chumvi inayavuta maji nje. Maji hayo yanatembea mpaka kwenye kripsi, kashata na biskuti. Nailoni uliyofunika inafungia mvuke wote ndani, kwa hiyo hata kripsi zilizo mbali na tikiti zinalegea. Ukifunua saa kumi na moja umefunua supu.

Sasa niwaseme waliokupa hili wazo, maana najua lilikotoka. Zile video za mtandaoni zinapigwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ubao unapangwa, picha inapigwa, kwisha. Hamna mgeni, hamna mjomba anayesubiriwa, na hakuna anayeonyeshwa akila. Halafu kuna wapambaji wa hapa hapa mjini wanaokuja kupanga asubuhi kwa sababu mchana wana kazi nyingine mbili, wanachukua hela yao, wanasema "usiguse mpaka wageni waje", wanaondoka. Saa ilipangwa kwa ajili ya ratiba yao, chakula chako hakikuulizwa. Na kuna wale wa "mayonizi ina siki, haiharibiki". Ya kopo peke yake ndiyo, ina tindikali. Ukiichanganya na kuku na mbatata tindikali imezimuliwa, na ulichonacho mbele yako ni kuku na mbatata. Msiniulize nimejuaje. Hasira zangu zina risiti.

Kinachofanya kazi ni hiki: gawa kila kitu mara tatu. Badala ya ubao mmoja wa mita nzima, tengeneza sinia tatu ndogo, kila moja watu wanane au tisa. Moja linatoka wageni wakishaketi, mawili yapo friji. La kwanza likibaki robo, liondoe zima zima, leta la pili. Usiongezee vipya juu ya vya zamani. Vipande vya chini vina saa zao tayari, na ukichanganya hakuna anayeweza tena kujua kipi kimekaa muda gani. Muache mdogo wako mmoja jikoni kazi yake iwe hiyo tu, na aandike kwenye kikaratasi saa kila sinia lilipotoka.

Kuhusu mbao, nadhani uliuliza mninga au mkongo. Dada yangu, tumia sinia la aluminiamu. Mbao haipitishi baridi. Ukiweka barafu chini ya ubao unapoza meza. Chukua sinia pana lenye ukingo, mwaga barafu iliyopondwa kilo tatu au nne, weka sinia dogo juu likae ndani ya barafu hasa. Hapo kuku wa baridi, jibini, mayai na matunda vinapata nafuu ya kweli. Maji yakianza kuelea mwaga, ongeza barafu. Kama roho yako imeshikilia ubao kwa ajili ya picha, basi ubao ubebe vikavu tu: korosho, karanga, tende, kashata, visheti, kripsi za muhogo. Hivyo ndivyo unavyoweza kuvipanga mapema, saa moja kabla, na hata hapo kripsi zibaki kwenye kopo lililofungwa mpaka dakika ya mwisho. Ubao wa fundi mara nyingi umepigwa vanishi, kwa hiyo tandika karatasi ya kuokea kwanza.

Vipimo, kwa kuwa pilau inakuja baadaye jioni: sambusa mbili kwa kichwa, funga 55. Kuku au mishkaki gramu 50 iliyoiva kwa mtu, yaani kilo moja na robo. Nyama inapungua motoni, nunua kilo moja na robo tatu isiyo na mfupa. Jibini gramu 30 kwa mtu, gramu 750 jumla, na iwe ngumu kama gauda au cheda. Zile laini za kupaka ziache kwa siku unakula mwenyewe mbele ya feni. Mayai 13 ukiyakata nusu. Matunda kilo mbili na nusu yakiwa yameshamenywa, na kumbuka nanasi karibu nusu yake ni ganda na kikonyo. Korosho na karanga nusu kilo, kripsi nusu kilo. Chatne ya ukwaju au ya embe mililita 600, kwenye bakuli tatu ndogo.

Nanasi na papai visiguse jibini wala sosi ya mtindi. Vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na ladha inageuka chungu. Watu wanalaumu jibini, kumbe jirani ndiye mkosaji. Tikiti ukishalikata liweke kwenye chujio juu ya bakuli nusu saa, ndani ya friji, maji yatoke huko. Tufaha na parachichi zisugue maji ya ndimu, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha maji, la sivyo zitakuwa kahawia kabla hujamaliza kupanga. Zabibu zioshe na uzikaushe kwa kitambaa safi, moja yenye maji inatosha kulainisha biskuti tano.

Jana yake chemsha mayai, yaache na maganda ndani ya friji, menya siku hiyo. Pika kuku, mtandaze kwenye treya bapa apoe haraka, usimweke sufuria nzima ya moto kwenye friji. Katikati itabaki vuguvugu usiku kucha na itapasha kila kilicho jirani. Sambusa funga mbichi, nyama ya ndani ikiwa imeshaiva na kupoa, zigandishe. Siku yenyewe usiziyeyushe, manda zitalowana na kupasuka. Zitoe kwenye friza moja kwa moja mpaka kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi, nane nane, kwa sababu ukijaza karai mafuta yanapoa na sambusa zinayanywa. Anza kukaanga wageni wakiwa kwenye utambulisho. Zikitoka ziweke kwenye wavu, zisirundikwe na zisifunikwe. Na usizitie kwenye hotipoti! Hotipoti ni ya mishkaki, na uipashe kwanza kwa maji yanayochemka dakika kumi, umwage, uifute. Sambusa humo ndani zinajipika kwa mvuke wao, baada ya robo saa unakunja badala ya kuvunja.

Vya moto na vya baridi visikae sinia moja, hata kama picha uliyotuma imeviweka pamoja. Sambusa inapasha tikiti, tikiti linalowesha sambusa, wote wawili wanapata hasara.

Weka koleo au vijiti kwa kila kitu. Mikono 25 kwenye sinia moja, na mingine imetoka kupeana mikono na ukoo mzima, tumeshaongea habari za ngozi hapo juu. Watoto wapewe kisahani chao pembeni, karanga zisiwemo kwa wa chini ya miaka mitano, na zabibu zao zikatwe kwa urefu.

Umeme ukikatika asubuhi, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa inashika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Ukiona umefika saa sita mchana na umeme bado, futa mayai na kuku kwenye orodha, toa vikavu na matunda yanayomenywa hapo hapo, ongeza sambusa. Hakuna mkwe aliyevunja posa kwa kukosa yai nusu.

Maua na bajeti waje wengine waseme, mimi nimechoka. Juisi toa yoyote. Ila ile barafu ya chini ya sinia isiingie kwenye glasi za watu, hata ikionekana safi: imekaa na matone ya kuku. Nunua mfuko mwingine kwa ajili ya vinywaji, uuweke kwenye ndoo yake na upawa wake.