Nilimpunguzia mwanangu chakula, fenilalanini ikapanda

Juzi usiku nimepata ujumbe wa dada mmoja ambaye mtoto wake wa miaka mitatu ana fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaofanya fenilalanini ijae kwenye damu. Ameniruhusu niunukuu bila jina lake: "Dada, nimemwondolea kila kitu. Nyama, samaki, mayai, maziwa, hivyo sijawahi kumpa. Sasa hata viazi nimeacha. Anakula matunda na ile dawa yake tu. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 410, cha wiki hii 690. Nimekosea wapi?"

Nimeusoma mara tatu, machozi yananilengalenga. Huyo ni mimi wa miaka mitano iliyopita, kabisa. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona maneno yanazidi, nikaona bora niandike hapa ili na wengine mnaonyamaza msome.

Kwa wageni, kwa ufupi. Protini tunayokula humeng'enywa ikawa amino asidi, na mwili hutumia amino asidi 20 kujijengea protini zake. Mojawapo ni fenilalanini. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima itoke kwenye chakula. Sehemu yake huingia kwenye ujenzi: misuli, ngozi, damu. Inayobaki, ini huigeuza kuwa tairosini, amino asidi nyingine, kwa kimeng'enya maalumu. Mwanangu amerithi jeni mbili zenye hitilafu za kimeng'enya hicho, moja kwangu na moja kwa baba yake. Kwake inayobaki haina pa kwenda. Hujaa kwenye damu, hufika kwenye ubongo, na ubongo wa mtoto mdogo ukiachwa hivyo miezi na miaka, kilichoharibika hakirudi. Ndiyo maana nyumba yetu inaendeshwa kwa mizani.

Shukuru Mungu yeye aligunduliwa mapema, kwa tone la damu la kisigino, hajafikisha wiki mbili. Miaka minne ya mwanzo sitaisimulia, ilikuwa ya kupima, kuandika na kupima tena. Aliruhusiwa gramu 6 za protini ya chakula kwa siku. Protini yake nyingine yote ilitoka kwenye mchanganyiko wa amino asidi usio na fenilalanini, ule unga wenye harufu inayobaki kwenye kikombe hata ukisugua. Fenilalanini kwenye damu yake ilicheza kati ya 200 na 350, na lengo letu ni 120 hadi 360 mikromoli kwa lita. Nilikuwa najivuna, nakiri. Nilikuwa natoa ushauri kwa akina mama wengine kana kwamba nimemaliza kila kitu.

Kisha akashikwa na homa, ikaondoka, ikarudi, na kipimo kikaja 480. Nikaogopa. Bila kumwambia mtu nikamshusha kutoka gramu 6 hadi 4. Wiki mbili baadaye, 610. Nikamshusha hadi gramu 2. Nilikuwa nakata kipande cha kiazi hadi mizani inasoma ninachotaka, halafu nakikata tena nusu, "kwa usalama." Mtoto anakitazama kile kipande kwenye sahani, ananitazama mimi, hasemi kitu. Ule unga nao akaanza kuukataa, nikawa namnywesha wote kwa mkupuo asubuhi ili tumalize vita mapema. Kipimo kilichofuata: 780.

Siku ile kliniki daktari aliyetupokea aliangalia namba, akavua miwani, akaniambia mbele ya mwanangu: "Mama, kuwa mkweli. Mtoto anakula nini huko nyumbani?" Nikamwonyesha daftari langu. Hakulifungua. Akasema wazazi wengi huandika wanachotaka kliniki isome. Nililia kwenye ngazi, mtoto akinipangusa kwa mkono wa shati lake. Miaka mitano imepita na ninapoandika haya kifua bado kinabana. Nilikuwa namnyima mwanangu chakula, nikaambiwa namlisha kwa siri.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa lishe, kijana mdogo tu, siku hiyo hiyo alasiri. Yeye alilifungua daftari. Hakuanza na fenilalanini. Alianza kumweka mtoto kwenye mizani ya uzito: alikuwa amepungua kilo moja na nusu. Akajumlisha nishati ya siku nzima, akanigeuzia karatasi nione. Mwanangu alikuwa anapata chini sana ya anachohitaji mtoto wa umri wake.

Alichonieleza ndicho ninachotaka ukibebe leo, dada yangu. Kwa watoto wetu ule mlango wa ini, wa kuigeuza fenilalanini kuwa tairosini, umefungwa, au umebaki upenyo. Mlango mkubwa uliobaki ni ujenzi. Mtoto anapokua, mwili huichukua fenilalanini kwenye damu na kuijengea misuli. Ukimnyima nishati, ujenzi unasimama, mlango huo nao unafungwa. Na haiishii hapo. Mwili wenye njaa huanza kubomoa misuli yake ili upate nguvu, na misuli ni protini, na ndani ya protini hiyo mna fenilalanini. Kila gramu ya protini, iwe ya sahani au ya mwilini mwake, ina takriban miligramu 50. Yaani mtoto wangu alikuwa anakula nyama kila siku, nyama ya mwili wake mwenyewe. Daktari alikuwa sahihi kuhusu namba na akakosea kuhusu mimi.

Homa hufanya vivyo hivyo, hata mtoto akila vizuri. Kwa hiyo ile 480 ya kwanza ilikuwa ya homa, ingeshuka kwa maji, nishati ya kutosha na unga wake. Zilizofuata ndizo nilizozitengeneza mimi kwa kisu cha viazi.

Akamrudisha gramu 6 kwa hatua. Akaongeza nishati kwa mafuta na vyakula vyenye wanga visivyo na protini au vyenye kidogo mno. Akaugawa ule unga mara nne kwa siku, kwa kuwa ukinywewa wote kwa mara moja mwili hautumii vizuri kama unapoingia kidogo kidogo sambamba na chakula. Wiki tatu baadaye 430. Mwezi uliofuata 310. Nilimwongezea chakula, damu ikashuka. Nilikaa na ile karatasi ya majibu kwenye kiti cha jikoni nusu saa nzima.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usikate chakula kwa hofu. Namba ikipanda, uliza kwanza kama ameugua, kama uzito umepungua, kama unga anaumaliza na kwa mara ngapi. La pili ni lile lile kwa upande mwingine: kutompa kabisa ni kumnyima pia. Fenilalanini ikishuka mno mtoto hukosa hamu ya kula, ngozi hutoka vipele, anadumaa. Yeye anaihitaji kama mtoto mwingine yeyote, tofauti ni kiasi. Na usibadilishe gramu peke yako usiku jikoni kama nilivyofanya mimi. Hilo nalirudia kwa sababu najua utashawishika.

Jingine dogo ambalo limewaponza wengi: soma maandishi ya chupa za dawa. Baadhi ya sharubati na vidonge vya kutafuna vya watoto vimetiwa utamu wa aspatemu, na aspatemu ikifika tumboni hutoa fenilalanini. Mtoto ana homa, damu tayari inapanda, nawe unamwongezea kwa kijiko cha dawa. Mwambie mfamasia wazi.

Kuna swali ambalo dada hakuliandika lakini nimelisikia kwenye "nimekosea wapi." Ukweni mimi niliulizwa nimeleta damu gani. Jibu lake ni la hesabu. Ugonjwa huu unahitaji jeni mbili, na kila mmoja wetu alibeba moja bila kujua, akiwa mzima wa afya. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Hakuna ulichokula, ulichofanya wala ulichotamka. Baba yake alisimama akawaambia ndugu zake hivyo hivyo, na tangu siku hiyo sijaulizwa tena.

Na ukidharauliwa kliniki, kumbuka mama zako waliotangulia. Mwaka 1934, huko Norwe, Borgny Egeland alikuwa amezunguka miaka na watoto wake wawili, akisisitiza kwamba mkojo wao una harufu ya ajabu. Aliyemsikiliza ni daktari Asbjørn Følling. Akatia kemikali kwenye mkojo, ukageuka kijani, na ugonjwa huu ukajulikana. Baada ya vita, huko Birmingham, Uingereza, mama mwingine alimsubiri daktari Horst Bickel kila asubuhi nje ya maabara akidai msaada kwa bintiye, hadi yeye na wenzake wakatengeneza chakula cha kwanza kisicho na fenilalanini ya ziada. Binti akaanza kubadilika. Ili kupata uhakika, madaktari wakairudisha fenilalanini kwenye chakula chake bila kumwambia mama. Mama akaona ndani ya muda mfupi kwamba mwanawe anarudi nyuma, kabla ya mtu yeyote kumweleza lolote. Jicho la mama ni kipimo, ndugu zangu. Andikeni mnachokiona, tarehe na saa, na mtu asipolifungua daftari lenu, mpelekeeni mwingine.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Anapima viazi vyake mwenyewe. Jana mizani ilizidi gramu nne, akatoa kipande kwa ncha ya uma, akakiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kusimulia habari za mpira.

Dada, kesho asubuhi piga simu kliniki, usingoje miadi. Waambie namba zote mbili, uzito wake wa leo, na kila alichokula siku tatu zilizopita, pamoja na ulichomwondolea. Usione haya kukitaja. Omba kuonana na mtaalamu wa lishe kwa jina hilo hilo. Usiku huu mpe unga wake wote na chakula kile cha kwenye mpango wake wa mwisho uliopewa na kliniki, halafu uniandikie wamesemaje.