Tumeshinda 52–0 kabla ya msimu. Je, kombe ni letu?

Barua za mwezi huu zimenijia kwa wingi, na karibu zote zinahusu mechi za kujipima nguvu. Ninaelewa. Nimefundisha raga ya wavulana shuleni kwa miaka 26, na kabla ya hapo nilikuwa hoka, mtu wa katikati ya safu ya mbele ya skramu, pale mafowadi wanane wa kila timu wanapofungana na kusukumana kugombea mpira. Najua wiki hizi za kabla ya msimu zinavyomkosesha mtu usingizi. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Kocha. Mwanangu ni winga katika timu ya kwanza ya shule yake. Wamecheza mechi tatu za kujipima nguvu na kushinda zote, ya mwisho kwa 52–0. Sisi wazazi tumeshaanza kuzungumzia kombe. Tunajidanganya? — Baba wa namba 14*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera. Umeniandikia kwamba zilikuwa trai nane (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi tano), sita zikaongezewa mkwaju wa pointi mbili. Hiyo ni kazi nzuri na vijana wanastahili kuifurahia.

Sasa nikuulize: wapinzani walichezesha nani siku hiyo? Mechi ya kirafiki si mechi ya ligi. Makocha huafikiana kabla ya kuanza: tucheze vipindi vitatu badala ya viwili, kila kijana aliyekuja na basi aingie uwanjani, skramu zisisukumwe kwa nguvu zote. Mimi mwenyewe nimewahi kuingiza kikosi kizima cha akiba kwa sababu nilitaka kumwona namba tisa wangu wa tatu, kama anaweza kupiga pasi ndefu kwa upande wake dhaifu. Tulifungwa pointi nyingi mno, na wenzetu waliondoka wakiimba. Nilikuwa nimepata nilichokifuata: kijana yule alipiga pasi 11 upande wa kushoto, na tisa zilimfikia mlengwa kifuani.

Mwaka mwingine mambo yaligeuka. Tulishinda mechi zote tano za maandalizi, na katika daftari langu nikaandika matokeo tu, basi. Mechi ya pili ya ligi tulikutana na timu tuliyokuwa tumeichapa kwa zaidi ya pointi 30. Walitushinda. Nilipozirudia zile mechi za maandalizi kichwani, nikagundua kwamba karibu trai zetu zote zilitokana na kijana mmoja, namba nane, aliyekuwa mzito kuliko wenzake na akiwapita kwa kuwabomoa. Wale wenzetu walikuwa wamejifunza. Walimkaba miguuni, mmoja kisha mwingine, na sisi hatukuwa na njia ya pili.

Tangu hapo daftari langu lina safu nyingine. Naandika kila trai ilivyopatikana: ni mbio za mtu mmoja, au mpira ulipita mikono mingi na raki tatu nne (pale wachezaji wanapousukumania mpira uliolala chini) kabla ya kuvuka mstari? Nahesabu kimoyomoyo tangu mwenye mpira anapoangushwa hadi mpira unapotoka kwenye raki. Ukitoka kabla sijafika tatu, mabeki wetu, wale wakimbiaji wa nyuma, wanapata nafasi ya kushambulia. Nikifika tano, ukuta wa wapinzani umeshajipanga. Naandika pia adhabu tulizosababisha, na nani alizisababisha, maana adhabu ya mwezi wa maandalizi hurudi kwenye fainali ikiwa imevaa jezi ileile.

Na kitu kimoja ambacho wewe unaweza kukitazama ukiwa pembeni ya uwanja bila daftari. Mechi ya vijana wa chini ya miaka 19 ni dakika 35 kila kipindi. Ikifika dakika ya 55, acha kuangalia mpira. Angalia mikono ya wachezaji mchezo unaposimama. Wapo watakaoshika magoti, vichwa chini. Wapo watakaokuwa wanaelekeza kwa kidole, wakimsogeza jirani yao hatua moja kulia au kushoto. Halafu angalia aliyetoka kukaba: anachukua muda gani kuinuka na kurudi kwenye mstari? Timu yenye vijana 10 wanaoinuka haraka dakika ya 55 itafika mbali, hata ikiwa imefungwa siku hiyo. Nenda mechi ijayo ukatazame hivyo, kisha utajijibu mwenyewe kuhusu kombe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye kapteni wa timu yetu. Tumepoteza mechi zote tatu za kirafiki: 17–19, 10–31 na 12–15. Wenzangu wameanza kukosa mazoezi. Wengine wanasema msimu umeisha kabla haujaanza. Nifanye nini? — Kapteni aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Hebu tusome namba zako pamoja. Ile ya 10–31 iache, mlizidiwa. Lakini katika mechi ya kwanza unasema mlifunga trai tatu, na mkwaju mmoja tu ndio ulioingia. Trai tatu ni pointi 15, mkwaju ule mmoja ni mbili. Mngepata mkwaju wa pili, mngetoka sare. Mngepata yote mitatu, mngeshinda 21–19. Timu hiyo si mbovu. Timu hiyo haina mpigaji.

Na mpigaji huandaliwa. Mpe kijana mmoja, au wawili, mipira 20 kila baada ya mazoezi, kutoka sehemu zilezile, na mmoja aandike iliyoingia. Kisha waambie mawinga jambo ambalo vijana wengi hulisahau kwa furaha: mkwaju wa baada ya trai hupigwa sambamba na pale mpira ulipoguswa chini. Winga aliyevuka mstari akiwa peke yake, na akaanguka palepale kwenye kona, amempa mpigaji kazi ngumu bure. Akikata kuelekea kwenye milingoti, hata kwa hatua 10 tu, amezipata zile pointi mbili kabla mpigaji hajaweka mpira chini. Lifanyeni hilo kuwa zoezi. Kila anayevuka mstari mazoezini, asiguse chini hadi ameitazama milingoti.

Kuhusu wanaokosa mazoezi, usimwachie kocha. Sheria za kwanza za mchezo huu kuandikwa, mwaka 1845 katika shule ya Rugby kule Uingereza, ziliandikwa na wanafunzi wenyewe. Raga ya shule tangu mwanzo ni mali ya wanafunzi. Wakusanye bila mwalimu, uwawekee hesabu hii ya 17–19 mbele yao, na umwombe kila mmoja aseme kwa mdomo wake kama yumo au hayumo. Wale watakaobaki ndio timu.

*Kocha, nimekabidhiwa timu ya shule mwaka huu. Mabeki wangu ni wepesi na mechi mbili za kirafiki tumeshinda kwa raha. Tatizo ni propu, wale wa pande mbili za hoka: ninao wawili tu. Mwenzangu ananiambia nisijali, tutaomba skramu zisisukumwe. Ni sawa? — Mwalimu mgeni*

Mwalimu mwenzangu, si sawa, na nashukuru umeuliza sasa.

Sheria inadai idadi ya wachezaji wa safu ya mbele kulingana na ukubwa wa kikosi. Ukija na wachezaji 15, lazima uwe na watatu wanaoweza kucheza mbele. Wakiwa 16 hadi 18, wanne. Wakiwa 19 hadi 22, watano. Na kikosi cha 23 kinadai sita. Idadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya makaratasi. Shingo ya kijana asiyefundishwa ikiingia katikati ya mafowadi 16 wanaosukumana, jambo baya linaweza kutokea kwa sekunde moja. Ndiyo maana sheria za chini ya miaka 19 zina ulinzi wake: timu hairuhusiwi kusukuma zaidi ya mita moja na nusu, na skramu ikizunguka kupita nyuzi 45 mwamuzi anasimamisha.

Propu wako mmoja akiumia na huna wa kumrithi, skramu zitachezwa bila kusukumana. Zipo mechi ambazo hilo ni jambo dogo. Lakini mashindano mengi yana kanuni zake za kumwadhibu aliyesababisha, kwa hiyo soma ya kwenu leo. Na hata bila adhabu, unawapa wapinzani mpira safi kila skramu yao. Wale mabeki wako wepesi watakuwa wanakaba mchana kutwa.

Una wiki ngapi? Hata tano zinatosha kuanza. Tafuta kijana mnene mwenye utulivu, mara nyingi yumo kwenye timu ya pili na amejificha kwenye namba sita au saba. Usimtupe kwenye mashine ya kusukumia skramu siku ya kwanza. Muanzishe peke yake, mikono chini, magoti yakiwa juu kidogo ya nyasi, mgongo bapa kiasi kwamba ukiweka mpira juu ya kiuno hautelezi. Akae hivyo apumue. Kidevu kisiguse kifua, macho yaangalie mbele. Kisha mmoja kwa mmoja, ukiwa umepiga goti pembeni yao unatazama vidole vinaposhika jezi ya mwenzake. Kisha watatu kwa watatu. Wanane baadaye. Mimi hutumia mwezi mzima wa maandalizi kwa hawa watu, na sijawahi kuujutia.

Jambo jingine kwa sababu wewe ni mgeni. Shirikisho la raga duniani lina programu ya kupasha mwili iitwayo Activate, ya takriban dakika 20: kusimama kwa mguu mmoja, mazoezi ya shingo, kuruka na kutua. Ilijaribiwa katika shule za Uingereza na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Timu zilizoifanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Mara tatu, si mara moja. Haihitaji vifaa vya pekee. Ifanye kuwa sehemu ya mazoezi kuanzia kesho.

*Shikamoo. Mwanangu ana miaka 14. Mwaka jana alikuwa nyota wa timu yao ya umri, mwaka huu amewekwa benchi mechi zote za maandalizi. Wenzake wamerefuka ghafla, yeye bado. Analia usiku na anataka kuacha. — Mama mwenye uchungu*

Marahaba, mama. Pole sana, na mpe pole yake pia.

Wavulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na umri huo wa miaka 14, lakini hawaanzi pamoja. Mmoja anaanza akiwa na miaka 12, mwingine 15. Kwa mwaka mmoja au miwili timu ya umri huo inakuwa na wanaume na watoto ndani ya jezi moja, na kocha anayetafuta ushindi wa Jumamosi humchagua aliyekwisha kurefuka. Nilifanya hivyo nilipokuwa kocha kijana, na nilipoteza wachezaji ambao wangekuwa bora kuliko wale niliowachagua.

Kijana mdogo anayebaki kwenye raga hujifunza asichojifunza mkubwa. Mkubwa anapita kwa kifua. Mdogo lazima apige pasi kwa wakati, abadili mwelekeo, akabe chini kwenye miguu kwa usahihi. Siku miili inapolingana, yeye ana mwili na ana maarifa. Nenda ukaonane na kocha wake, usimlalamikie, muulize: anafanyia kazi kitu gani na mwanangu msimu huu? Akiwa na jibu, muache mtoto aendelee. Asipokuwa nalo, muombe dakika 20 za kipindi cha pili katika mechi za timu ya pili. Mtoto wa umri huo akikaa benchi msimu mzima hajifunzi chochote.

*Kocha, katika mechi ya kirafiki Jumamosi mwanangu aligongwa kichwa akikaba. Alitoka dakika chache, akarudishwa. Jioni alitapika, na tangu jana anasema mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Kocha wao anasema ilikuwa mechi ya kirafiki tu, apumzike siku mbili aje kwenye mazoezi kwa sababu ligi inaanza wiki ijayo. — Mzazi*

Barua yako niliijibu kwa simu siku ileile nilipoipata. Naichapisha kwa ajili ya wengine, kwa ruhusa yako.

Kutapika na kuumizwa na mwanga baada ya kugongwa kichwa ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na kijana huyo anatakiwa kwa daktari bila kuchelewa. Hakutakiwa kurudi uwanjani. Kanuni ya raga duniani kote, kwa shule na kwa watu wazima wasio na daktari wa mechi, ni moja: ukishuku tu mtikisiko, mchezaji anatoka, na harudi tena siku hiyo. Haijali kama mechi ni ya kirafiki. Ubongo hauna habari na ratiba ya ligi. Akigongwa tena kabla hajapona, madhara yanaweza kuwa makubwa sana, na kwa vijana hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Nyumbani asikae na simu wala kompyuta siku hizi za mwanzo, na asiachwe peke yake. Akizidi kusinzia, kichwa kikizidi kuuma au akianza kuchanganya maneno, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Kurudi kwake kutakuwa kwa hatua: kwanza masomo bila maumivu, kisha kutembea, kukimbia, mazoezi ya mpira bila kugusana, na kugusana mwisho kabisa, daktari akiwa ameandika kwamba anaweza.

Mwandikie kocha leo. Mwambie kijana hatakuwepo mazoezini, na hatakuwepo mechi ya kwanza. Usimwombe ruhusa. Mpe taarifa.